Mtama Wangu na Injini Zenu

Bi Nawal binti Suud,
Ghorofa ya nne, juu ya duka la udi,
Mchafukoge, Dar es Salaam.
Jumatano, baada ya chai ya asubuhi.

Kwa Afisa wa Kufukuza Ndege Pori,
Uwanja wa Ndege,
Dar es Salaam.

Ndugu Afisa,

YAH: KUKATAA KUACHA KUMWAGA MTAMA JUU YA PAA LANGU

Kichwa cha habari hapo juu chahusika, na wewe wahusika zaidi.

Nakuandikia mimi, mkazi wa Mchafukoge kwa miaka sitini na miwili, kuhusu notisi uliyoniletea Jumapili. Kwanza ieleweke ofisini kwako kwamba leo sikuandikii kama shangazi. Shangazi yako angekuita kwa jina, angekuuliza umekula nini, na wala barua isingehitajika, maana angekufuata huko huko kwako Tabata na kandambili mkononi. Nakuandikia kama raia. Na wewe nakuandikia kama Serikali, kwa kuwa ndivyo ulivyoingia nyumbani kwangu: umevaa kizibao cha njano kinachong'aa, umekumbatia faili, na kahawa umekataa. Muaz mwana wa kaka yangu Hussam hajapata kukataa kahawa yangu tangu azaliwe, kwa hiyo aliyekuja Jumapili ni mtu mwingine, na huyo ndiye ninayemjibu.

Notisi yako inasema kwamba wiki mbili zilizopita njiwa mmoja aliingia ndani ya injini ya ndege iliyokuwa ikishuka kuja uwanjani. Inasema ndege ilitua salama, Alhamdulillahi, ila ikalazwa wiki nzima kama mgonjwa ikisubiri vipuri. Inasema mafundi walipoifungua injini walikuta manyoya na punje za mtama. Halafu inasema kwamba chini ya njia ambayo ndege hupita zikishuka, kuna mtu mmoja tu anayemwaga mtama ndoo nzima kila siku juu ya paa, na mtu huyo ni mimi. Unanitaka niache ifikapo Ijumaa, la sivyo watu wako watapanda ngazi zangu na wavu wa kunasia njiwa.

Kamati yako iliyotia muhuri notisi hiyo ina haki ya kujua mtama huo ni wa nini, maana wewe unajua na hukuwaambia. Binti yangu Ghada, mtoto wangu wa pekee, ni mhudumu wa ndege. Anaondoka jioni kwenda Mwanza, analala huko, anarudi na ndege ya asubuhi, na ndege hiyo hupita juu ya paa langu ikiwa imeshuka kiasi cha kuhesabu madirisha. Kwetu mtu akisafiri hutolewa sadaka arudi salama. Mama yangu alimwaga mtama kwa njiwa baba alipokwenda Unguja, na bibi yangu alimwaga babu alipokwenda Hija. Wao walimwaga mara moja wakapumzika, kwa sababu wasafiri wao walikuwa watu wa kawaida wanaokwenda na kurudi. Wa kwangu anasafiri kila siku ya Mungu, basi na mimi namwaga kila siku ya Mungu. Ni miaka sita sasa, na ndege ya Ghada haijadondoka hata mara moja. Kati yangu na kitengo chako, nani anayeilinda?

Baada ya utangulizi huo, malalamiko yangu ni haya:

1. Ushahidi wenu ni mwepesi. Notisi inataja mtama lakini haisemi ni mtama wa rangi gani. Mimi natumia mtama mwekundu, na nanunua kwa Kijakazi pale sokoni Kariakoo. Nimekwenda kumuuliza Kijakazi mwenyewe, akasema mji huu una walaji wa mtama tele, kuanzia wapika uji hadi wagonjwa wa sukari. Je, hao wote wamehojiwa? Mmekwenda kwa wapika uji na kizibao na faili? Au mmeona mwenye kuonewa ni huyu mjane wa ghorofa ya nne kwa kuwa ngazi zake mnazijua?

2. Njiwa wangu wanachafuliwa jina. Ni kama mia mbili hivi na tabia zao nazijua. Si watembezi. Hawavuki Mtaa wa Msimbazi, na Kivukoni hawajawahi kufika, kwa sababu kule kuna kunguru wa soko la samaki na njiwa wangu ni waoga. Hao kunguru ndio wa kushughulikiwa. Kunguru wa mji huu anaiba samaki, anaiba sabuni, na mwaka juzi mmoja alibeba mswaki wangu ukiwa na dawa juu. Lakini sijasikia kunguru aliyepelekewa notisi. Nadhani ni kwa sababu kunguru hana mlango wa kubisha.

3. Suala la nani alimkuta nani. Njiwa walikuwa juu ya mapaa haya kabla injini haijajulikana duniani. Ninyi ndio mliopitisha barabara juu ya vichwa vyao bila kuwauliza. Hapo jirani Kariakoo msukuma mkokoteni mwenye magunia kumi ya vitunguu anapiga kelele za mzigo, mzigo, tangu mwanzo wa mtaa hadi mwisho, na watu wanampisha. Ndege yenu ni kubwa kuliko msikiti wa mtaani kwetu na inakuja kwa kasi isiyo na adabu, lakini honi haipigi. Nilipokueleza hili Jumapili uliangalia dari. Dari yangu ina nini?

4. Suala la wavu. Feni ya sebuleni kwangu ina wavu wa chuma tangu Ghada akiwa na miaka mitatu, na vidole vyake vyote kumi anavyo mpaka leo. Ndipo nikajiuliza, na bado najiuliza, kwa nini feni ya kumpuliza mwanamke mmoja na kikombe chake cha kahawa iwe na wavu, na feni ya kubeba watu mia iachwe wazi inakenua? Nimezungumza na Mzee Theophil, fundi feni wa Mtaa wa Msimbazi, ambaye anakwenda mwaka wa arobaini katika kazi hiyo. Yuko tayari kuzitengenezea injini zenu wavu wa kufungua na kufunga. Anachohitaji ni vipimo tu, na mtu wa kumshikia ngazi.

Jibu lako nimelikumbuka neno kwa neno kwa sababu lilinishangaza. Ulisema wavu utaipunguzia injini hewa, na kwamba ukikatika utamezwa na kuharibu kuliko njiwa, na kwamba huko juu utaganda barafu. Barafu, Ndugu Afisa. Dar es Salaam. Mtu anatembea kutoka hapa hadi Kisutu anafika shati limemgandia mgongoni kwa jasho, wewe unaniambia barafu. Ukasema huko juu kuna baridi kali kuliko friji. Ghada amepita huko juu miaka sita na hajarudi na mafua hata siku moja.

5. Suala la kuku. Ulinieleza kwa fahari kabisa kwamba huko zinakotengenezwa, injini hujaribiwa kwa kurushiwa kuku waliokufa, kwa mzinga. Nilidhani unanitania. Ukaapa. Kuku mzima, Ndugu Afisa, ambaye hajaliwa hata shingo, anatiwa kwenye mzinga na watu waliosoma. Nimeliweka hilo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na mpaka leo halijapoa. Baba yako ametuma sauti ya dakika nne anacheka tu. Lakini ngoja nikuulize jambo. Kama injini ilirushiwa kuku ikafaulu, inakuwaje ifeli kwa njiwa, ambaye ni robo ya kuku na hana mapaja ya kutajika? Hapo mwenye makosa si njiwa. Mwenye makosa ni aliyesahihisha ule mtihani.

6. Spika mnayotaka kufunga. Ukurasa wa pili wa notisi yako unapendekeza kufunga spika juu ya paa langu ili itoe sauti ya mwewe, njiwa watishike. Nani kakushauri? Chini ya paa hili kuna muuza simu mwenye spika, mkabala naye kuna muuza viatu mwenye spika kubwa zaidi anayetangaza bei ya kutupa tangu asubuhi, na wote wawili wanashindana na gari la dawa ya panya na mende. Njiwa wa mtaa huu hashtuki kwa kelele. Amezaliwa ndani yake. Huyo mwewe wenu wa kanda, wallahi, watadhani naye ana duka.

7. Mapendekezo ya mwananchi. Kwa kuwa mimi si mtu wa kulalamika tu, napendekeza yafuatayo. Ndege zote ziingilie baharini, zikate kona huko, ziache mji na watu wake. Ikishindikana, uwanja uhamishwe. Usikunje uso. Jambo hili ni jepesi kuliko unavyodhani: njiwa ukimfunga kwenye kikapu ukampeleka Kibaha, kesho yake yuko kwako anadai chakula, lakini ndege huenda inakoelekezwa na rubani na haina ukaidi huo. Kati ya viumbe viwili, anahamishwa yule anayekubali kuhama. Na hilo nalo likishindikana, basi njiwa wawe na mjumbe kwenye kamati yenu. Nimejitolea kuwa mjumbe huyo bila posho, mradi vikao visigongane na siku zangu za kupika maulidi. Marubani nao waje hapa juu ya paa Jumamosi moja, wakutane na njiwa ana kwa ana, wazoeane. Watu wakifahamiana hawagongani ovyo.

8. Hili la mwisho sikutaka kuliandika, na nimelifuta mara mbili. Nimelirudisha kwa sababu ndilo hasa lililonikalisha mezani.

Jumapili nilipokwisha kukueleza yote hayo, na wewe umesimama mlangoni mwangu na faili lako, na majirani wamechungulia, ulinitazama ukasema: "Shangazi, mtama wako ndio utakaomuua Ghada."

Muda huo huo nilikuonyesha ngazi na ukashuka. Najua umekwenda kumwambia baba yako kwamba nilikufukuza. Ni kweli, nilikufukuza, na ungebaki dakika moja zaidi ungetoka na ile kahawa kichwani. Umeniumiza. Mimi nilikuchukua kifuani mama yako alipolazwa Muhimbili miezi mitatu, nikakulaza kitanda kimoja na Ghada, mmoja huku mmoja huku, mkinipiga mateke usiku kucha. Wewe ndiye mtu wa mwisho duniani niliyemtarajia kuniambia neno kama hilo. Mtama ule ndicho kitu pekee ninachoweza kumfanyia mwanangu akiwa angani. Siwezi kumshika mkono. Siwezi kumwambia rubani apunguze mwendo. Kila asubuhi roho yangu inakuwa juu mpaka aseme ametua, na kinachonishusha roho ni ile ndoo. Sasa unataka niiache Ijumaa. Jumamosi likitokea la kutokea, nitakwenda kumshika nani? Nije na notisi yako mpaka uwanjani nikuulize imemlinda vipi?

Kwa maelezo hayo, naiarifu ofisi yako rasmi kwamba sitaacha. Watu wa wavu wakija Ijumaa watanikuta nimekaa katikati ya paa, juu ya kiti, na mwavuli, na Kurani yangu. Ngazi za kutoka ghorofa ya tatu hazina taa na hazina mkono wa kushikilia, nawaonya mapema kwa sababu sipendi mtu aumie.

Nakala ya barua hii naipeleka kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, kwa Mzee Theophil kwa ajili ya vipimo, na kwa kaka yangu Hussam ajue amezaa nini.

Nisalimie mkeo Husna, mwambie zile bizari zake zimefika aje achukue. Wasalimie pacha, yule mdogo umwangalie kikohozi, umpake mafuta ya habasoda kifuani. Msalimie mkubwa wako wa kazi ingawa simjui na yeye ndiye aliyekutuma. Wasalimie watu wa wavu, maana nao wametumwa na wana watoto. Marubani wote salamu zangu ziwafikie, na mafundi walioifungua ile injini, na wapika chai wa ofisini kwenu. Na wewe pia nakusalimia, lakini kidogo.

Ni mimi, raia uliyemkatalia kahawa,

Nawal binti Suud

Tanbihi:

Barua nilikwisha kuikunja, nikawa natafuta bahasha. Katika kutafuta nikakumbuka kwamba kuna jambo sikulieleza, nalo kamati inaweza kuuliza, yaani utaratibu wenyewe wa kumwaga. Simwagi ovyo. Sadaka ya msafiri inatolewa msafiri akiwa njiani, kwa hiyo mimi hukaa juu ya paa na ndoo imefunikwa mpaka niisikie ndege ya Ghada inanguruma kutoka upande wa baharini. Nikiisikia tu, nafunua, namwaga. Sitangulii na sichelewi. Miaka sita ni hivyo hivyo: ngurumo, halafu mtama. Nilitaka kukuandikia hilo uone jinsi nilivyo mtu wa mpango.

Leo nimechelewa kwa sababu ya barua hii. Ndege nimeisikia nikiwa bado sebuleni na bahasha mkononi. Nikachukua ndoo nikapanda mbio, nikafika ngazi ya juu kabisa, kifuniko sijakifungua. Paa lilikuwa tupu. Hapakuwa na njiwa hata mmoja. Nikatazama juu.

Walikuwa huko. Wote, Muaz. Walikuwa wameifuata ile ngurumo. Hawakuwa wakizunguka kama njiwa wanavyozunguka, walikuwa wamekwenda moja kwa moja kuipokea, kama wageni wao wamefika. Wanadhani chakula kinatoka ndani yake, na nani atawalaumu, nimewafundisha mwenyewe. Ndege imepita juu yao kidogo tu. Madirisha nimeyaona yote. Wao wakarudi chini, wakatua miguuni kwangu, wakawa wananitazama wanasubiri.

Ghada amepiga simu, ametua. Anasema rubani alipoliona kundi la njiwa alipaza sauti kidogo halafu akacheka, na yeye pia anacheka. Mimi nimekaa kwenye ngazi naandikia gotini, ndiyo maana mwandiko huu unaonekana hivi.

Muaz, mwanangu, njoo. Usingoje Ijumaa, njoo leo, na wavu, na spika, na watu wote ulionao. Nitawashikia ngazi mwenyewe. Hiyo barua ya juu usiipeleke popote, ichane, kamati wasomee tanbihi hii tu. Ndoo nimeifungia kabatini na ufunguo nimempa Mzee Theophil, nimemwambia hata nikilia asinipe.

Ghada nimemwambia asiondoke jioni hii, aombe ruhusa kazini, mama yake anaumwa, na hilo si uongo. Lakini ndege ya kesho asubuhi itakuja vile vile, na watoto wa wenzangu wamo ndani, na njiwa wataisikia. Wewe ndiye uliyesomea mambo haya. Hebu niambie: mimi nikiacha leo, wao wataacha lini?